Nafasi ya Kicheko

Nilipotangaza kwamba naacha vichekesho, watu walicheka.

Nilikuwa nimesimama mbele ya waandishi wa habari, kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya plastiki, nimevaa koti ambalo mke wangu alisema linanipa sura ya mtu makini. Nikatamka wazi kwamba filamu yangu mpya ni ya taharuki, na kwamba hakuna atakayecheka tangu mwanzo hadi mwisho. Wakaangua kicheko. Kijana mmoja wa gazeti alikuwa anaandika huku anajifuta machozi. Nami nikasubiri wamalize. Hiyo ndiyo kasoro yangu: nasubiri. Mtu akicheka mbele yangu nanyamaza mpaka amalize, kama mhudumu wa hoteli anayengoja sahani iishe ndipo aiondoe. Walipotulia nikasema, "Sitanii." Wakaanza upya.

Nimeongoza filamu tangu nywele zangu zikiwa nyingi na nyeusi. Sikusomea popote. Shule yangu ilikuwa safu ya nyuma ya ukumbi wa sinema niliokuwa naufagia, na walimu wangu walikuwa migongo ya watazamaji. Mgongo wa mtu anayekaribia kucheka naujua: mabega hupanda kidogo, kama ya mtu anayetaka kupiga chafya. Waliokwenda kusomea kazi hii walinidharau wakati ule, na majina yao ninayo yote kichwani, pamoja na rangi za tai walizovaa. Sawa. Wao wanajua lenzi. Mimi najua nafasi ya kicheko.

Nafasi ya kicheko ni hivi. Mwigizaji akishasema neno la kuchekesha, usimruhusu aseme jingine papo hapo, litamezwa na kelele za ukumbi. Mwache anyamaze, ajikune shingo, atazame dari. Nafasi hiyo siipimi kwa saa. Naipima kwa vidole juu ya meza: gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Neno dogo, vidole viwili. Neno zito, mkono mzima. Filamu zangu zote zilipimwa hivyo, na zilivunja mbavu za watu ambao hata simu zangu walikuwa hawapokei.

Ila msidhani nilianza vichekesho kwa sababu napenda kucheka. Kwetu mimi ndiye mwenye hasira. Nina hasira ya zamani, nimeitunza vizuri, haijapauka.

Dada yangu alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro. Chumba chao cha kukatia sponji kilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulifungwa kwa mnyororo na kufuli upande wa nje tangu zamu inaanza mpaka inakwisha, eti wafanyakazi wasitoke na vipande vya sponji chini ya nguo. Sponji. Ufunguo alikuwa nao mlinzi mzee, kwenye kishada cha funguo zote za kiwanda. Mchana mmoja mashine ya kukatia ikashika moto, mlinzi akapapasa funguo zake, na mpaka mlango ulipofunguka, wanawake wawili hawakutoka hai. Dada alitoka na kifua kibovu na sauti ya kukwaruza, anayo hadi leo. Mwenye kiwanda akatangaza kwamba mlango haukuwa na tatizo. Eti wanawake walichanganyikiwa tu, wakalia na kusukumana badala ya kutulia. Mlinzi wakamfukuza. Mnyororo wakauacha.

Nikaenda langoni kuhutubia. Nilikuwa kijana, maneno ninayo, jukwaa sina, nikapanda juu ya pipa. Nilipofika kwenye neno "damu", mfuniko ukasalimu amri, nikatumbukia hadi kwapani. Nikaendelea kuhutubia nikiwa ndani ya pipa, maana sehemu nzuri ya hotuba ilikuwa bado. Umati ukacheka mpaka askari wa lango wakasahau kunifukuza. Hapo nikajiona nina akili kuliko wote: kumbe ukichekesha wanakuacha useme. Nikaziweka kando hotuba, nikashika kamera.

Basi kwa miaka yote hiyo nikawa nampiga yule bwana kwa vichekesho. Nilimtia katika kila filamu. Mara tajiri kajifungia chooni kwa kufuli lake mwenyewe, mara tajiri kamezwa na godoro miguu inaning'inia nje. Na kila filamu ilipozinduliwa, mwenye kiwanda alikuja, akakaa safu ya mbele, akacheka kuliko watu wote. Alikuwa anajipiga mapaja. Baada ya ile ya kumezwa na godoro, alinitumia zawadi nyumbani: godoro. Nililikataa kwa maneno mazito, tena nilimpa dereva hotuba nzima akiwa amesimama na karatasi ya kusaini mkononi. Dereva akaliegemeza ukutani akaondoka. Mvua ikaanza kutishia. Nikaliingiza ndani lisije likaharibika, na nimelilalia mpaka juzi juzi. Lilikuwa godoro zuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Lakini aliyeninyima usingizi juu ya godoro lile hakuwa yeye, alikuwa dada. Alikuja kutazama filamu yangu ya kwanza, na katikati, watu wakiwa hoi, akainuka akatoka. Nikamfuata nje. Akaniambia, "Umewachekesha vizuri," akaenda zake. Hakuja tena. Mimi sikuuliza chochote, kwa sababu nilielewa. Mimi ni hodari sana wa kuelewa. Nilielewa kwamba nimechukua moto wake nikaugeuza mzaha, nimeurushia ukumbi uutafune kama bisi, na kwamba hatanisamehe mpaka niusimulie kama ulivyokuwa.

Ndiyo maana, katika umri ambao watu wameanza kunishika mkono nikivuka barabara, nikaamua kutengeneza filamu ya mlango ule. Bila pipa na bila tajiri chooni. Mlango, mnyororo, moshi.

Wa kwanza kuniharibia alikuwa Gunia.

Gunia ndiye mchekeshaji wangu wa miaka yote. Tumemwita hivyo kwa namna anavyoanguka: hajikingi, anamwagika. Alikuja ofisini, akakaa kwenye meza yangu badala ya kiti, akasema, "Nasikia kuna mlinzi."

"Mlinzi yupo. Si wewe."

"Kwa nini si mimi?"

"Kwa sababu watu wakikuona wanacheka. Wakiona kivuli chako wanacheka. Juzi umekwenda kwenye msiba wakacheka."

"Wafiwa walinishukuru." Akajishika kiuno. "Mzee mwenzangu, mimi nimeanguka kwa ajili yako mpaka kiuno hiki hakipandi ngazi. Nataka nisimame mara moja. Ukimpa mtu mwingine, siku ya onyesho nitakuja kusimama nje ya ukumbi wako nianguke, na watazamaji wote watatoka kuja kwangu. Unajua watatoka."

Nilijua watatoka. Nikampa mlinzi.

Kisha nikaenda kumwambia dada. Nilimkuta chumbani kwake anapiga pasi mashuka, redio inaongea peke yake dirishani.

"Nasikia unaujenga mlango wetu," akasema kabla sijakaa.

"Ndiyo, dada."

"Na mlinzi ni nani?"

Nikatazama pasi. "Gunia."

Akageuza shuka, akalinyoosha kwa kiganja. "Yule anayeanguka?"

"Safari hii haanguki."

"Yeye anajua hivyo?"

"Nimemwambia."

"Na kiuno chake umekiambia?" Akaweka pasi pembeni, akanitazama. "Nitakuja kuitazama."

Nilishtuka. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nina maneno mawili matatu mazito, yote yakanibaki mdomoni. "Utakuja?"

"Nitakuja. Ila nikwambie, mdogo wangu. Ukumbi ule ukicheka pale mlangoni, mimi nitatoka. Na safari hii usinifuate nje."

Alilisema polepole, kwa ile sauti yake kama kiti kinachoburutwa, kisha akarudi kwenye mashuka yake. Nikashuka ngazi nikiwa na roho mkononi. Tangu siku hiyo filamu ile haikuwa tena ya watu wote. Ilikuwa ya mtu mmoja, na ilikuwa na sharti moja: wasicheke pale mlangoni.

Upigaji picha ulikwenda kama mtu anayebeba mayai kwenye barafu. Gunia alijikaza kisabuni. Akitembea, mguu mmoja ulikuwa unatafuta kitu cha kujikwaa kwa mazoea, akaukemea. Shida ilikuwa tukio la funguo. Nililiandika hivi: mlinzi anajaribu ufunguo wa kwanza, hauingii; wa pili, hauingii; anainua wa tatu, anautazama kwa upendo, anautia, nao hauzunguki. Kwenye vichekesho wa tatu lazima ufungue, na mlango umpige usoni. Mimi nikauzuia. Nilijiona nimevumbua kitu kikubwa. Siku ya kupiga tukio hilo mtu akacheka nyuma ya kamera, nikamfukuza mpiga picha palepale. Nikamrudisha baadaye kwa heshima zote, baada ya kugundua kwamba aliyecheka nilikuwa mimi.

Ndipo tukaingia chumba cha kuhariri. Mhariri wangu ni binti mdogo kuliko viatu vyangu, haongei sana, anakula njugu huku anatazama skrini. Siku moja akasimamisha picha.

"Mzee, hapa pana shimo."

"Shimo gani?"

"Mlinzi anasema, 'Ngojeni kidogo.' Halafu hakuna kinachotokea. Tunatazama mlango tu. Na kule juu, mama anaposema nyuzi zimekwisha, pana shimo lingine. Na hapa. Yapo filamu nzima. Baada ya kila neno watu wananyamaza kama wamekatikiwa umeme."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Ndipo nikasikia kelele ndogo mezani, tak, tak, tak, nikatazama chini. Mkono wangu ulikuwa unagonga. Gumba, shahada, cha kati. Wakati wote wa kupiga picha mkono ule ulikuwa unagonga mahali fulani, kwenye goti, kwenye mgongo wa kiti, na waigizaji wangu walionizoea walikuwa wananisubiri nimalize. Nilikuwa nimetengeneza filamu ya taharuki yenye nafasi za kicheko kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimewaandalia watu mahali pa kucheka, pasafi, pamefagiliwa, kimebaki kicheko chenyewe tu. Na papana kuliko pote palikuwa pale mlangoni.

"Ni makusudi," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Makusudi ya nini?"

"Ya taharuki. Ndiyo mtindo wenyewe."

Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Sawa, mzee," kwa ile sauti ambayo vijana hutumia na wazee wao wakiwa wamevaa soksi zisizofanana. Nikawa nimejifunga mwenyewe. Ningemwambia ayakate mashimo, ningekuwa nimekiri. Nikayaacha. Nimewahi kuwaambia mawaziri ukweli mbele ya kadamnasi, lakini kumwambia binti wa njugu kwamba nimekosea kulinishinda.

Onyesho la kwanza lilikuwa la waalikwa, kabla filamu haijaachiwa rasmi. Nikakaa safu ya nyuma, mahali pangu. Dada alikaa katikati karibu na njia, amejifunga kitambaa cha kijivu kichwani, mke wangu pembeni yake. Nilikitazama kile kitambaa kuliko nilivyotazama skrini.

Gunia akatokea. Alitokea kwa mgongo, anafunga lango, hajafanya kitu. Ukumbi mzima ukalipuka. Kicheko cha mkono mzima, tena na kidole cha ziada. Kitambaa cha kijivu hakikutikisika.

Gunia akasema neno lake la kwanza, neno la kawaida kabisa la kuuliza saa. Wakacheka. Nafasi ikawapokea, wakacheka ndani yake kwa raha. Neno la pili, wakacheka, lakini kicheko kikaisha kabla ya nafasi kwisha, wakabaki wanatazama. Neno la tatu, wachache. Nafasi ikaja, ikakaa. Wanawake wakaingia kazini, Gunia akauzungushia mlango mnyororo, na baada ya kila neno likawa linakuja lile shimo, nao wakawa wanasubiri kichekesho, na kichekesho hakiji. Migongo yao naijua. Mabega yalipanda kama ya mtu anayetaka kupiga chafya, halafu yakabaki kulekule juu. Bwana aliyekuwa mbele yangu alikuwa na bisi mkononi, njiani kwenda mdomoni, hazikufika.

Nikaanza kuelewa kwamba kosa langu linafanya kazi. Nikajisifu kidogo. Nikasema moyoni, kumbe kweli ilikuwa makusudi.

Tukafika mlangoni. Moshi unaonekana chini ya mlango, wanawake wangu wanalia ndani, muziki unatetemeka. Gunia anatoa kishada. "Ngojeni kidogo." Ufunguo wa kwanza, hauingii. Mtu mmoja alianza kicheko, akakimeza. Wa pili, hauingii. Kimya. Anainua wa tatu, anautazama kama alivyotazama kila kitu kilichomwokoa katika filamu zetu zote, na nikaona ukumbi mzima unainama mbele. Akautia. Haukuzunguka.

Mkono mzima wa nafasi. Hakuna aliyepumua. Gumba, shahada, cha kati.

Na hapo, ndani ya kimya kile nilichokiombea, mtu akacheka.

Alikuwa mmoja tu, na hakujizuia. Kicheko kirefu, cha kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Watu wakageuka. Kitambaa cha kijivu kilikuwa kinatikisika mpaka mabegani. Dada akajiziba mdomo, akainuka, akatoka kwa njia ya katikati, bado anacheka.

Nilikuwa nimeambiwa nisimfuate kama wao watacheka. Sikuwa nimeambiwa nifanye nini akicheka yeye. Nikanyanyuka. Safu ya nyuma ilikuwa imejaa, nikapita juu ya magoti ya watu, "samahani, samahani," nikamkanyaga bwana wa bisi, bisi zikamwagika, nikashika kichwa cha mtu nikidhani ni mgongo wa kiti. Hapo wakacheka, kwa shukrani kabisa, kama watu waliofunguliwa. Kicheko pekee cha watazamaji katika nusu ya pili ya filamu yangu ya taharuki nilikipata mimi mwenyewe, nikiwa nimeipa skrini mgongo.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, anakohoa na kujifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Nikakaa ngazi ya chini yake.

"Zile funguo," akasema alipopata pumzi. "Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilitunga. Ni mambo yetu ya vichekesho, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu."

"Hukutunga. Ilikuwa vilevile. Tulikuwa tunamchungulia kwenye ufa wa mlango. Anainua ufunguo, anautazama kama mchumba, unakataa. Sisi ndani mbavu hatuna. Tunamwambia, 'Babu, jaribu wa nyumbani kwako.' Aliyekuwa anamtania zaidi ni yule mwenzangu wa mashine ya pili, unamkumbuka, mwenye mwanya."

Nilimkumbuka. Alikuwa mmoja wa wale wawili.

"Alicheka mpaka akakaa chini," dada akasema. "Moshi tulikuwa tunauona, lakini ile mashine ilikuwa inatoa moshi kila mara. Tulijua utaisha. Tulikuwa tunacheka."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Kila ukija ulikuwa na hotuba."

Nikafungua mdomo, nikaona kilichomo ni hotuba, nikaufunga. Nikajaribu njia nyingine. "Lakini ile filamu yangu ya kwanza ulitoka katikati. Hukuipenda."

"Ile? Watu walikuwa wanavuta sigara mle ndani. Kifua changu unakijua."

"Sigara?"

"Ukumbi mzima. Nilikwambia umewachekesha vizuri, kwa sababu uliwachekesha vizuri."

"Na mbona hukuja tena?"

"Hukunialika tena. Halafu ulikuwa unapita nyumbani na uso kama mtu aliyefiwa. Nikasema moyoni, kazi haiendi, nisimuaibishe."

Nilikaa pale nikiwa na miaka yangu yote ya uchungu mapajani, sijui niiweke wapi. Nimejenga kazi nzima juu ya moshi wa sigara. "Sasa mbona uliniambia wakicheka utatoka?"

"Wao hawakuwa mle. Wakicheka wananicheka mimi. Sisi tulikuwa tunacheka wenyewe." Akakunja kitambaa mapajani, akakikunja tena, na sura yake ikabadilika. "Ila kitu kimoja kimeniuma. Wanawake wako wanalia tangu mlango unafungwa. Wanalia nini? Hawajajua bado. Yule bwana alitangaza kwamba tulichanganyikiwa, tukalia na kusukumana. Na wewe umesema hivyohivyo, ila umeongeza muziki."

Nimetukanwa na watu wengi, na wengine niliwachokoza makusudi. Hakuna aliyewahi kunifikia pale. Mimi, adui nambari moja wa yule bwana, mtu wa pipa, nimechukua uongo wake nikaupiga picha kwa kamera ya kukodi, kisha nikamwalika dada yangu aje autazame.

"Nitaukata muziki," nikasema.

"Kata na kilio."

Kesho yake nikamwambia mhariri aondoe vilio vyote nyuma ya mlango.

"Tuweke nini?"

"Kicheko."

Akaweka njugu chini. "Mzee, tulikubaliana umeacha."

Dada alikuja studio na wenzake wa zamani, wale ambao magoti bado yanawaruhusu kupanda ngazi. Tukawaweka ndani ya chumba kimoja, mlango wa mbao, mnyororo na kufuli nje ili mlio wake uingie kwenye kipaza sauti. Mimi nikabaki koridoni nimekishika kipaza sauti, mhariri kwenye mashine zake. Nikawaambia kupitia mlango, "Mama zangu, chekeni."

Wakacheka kama watu wanaosoma tangazo. Nikawaambia kichekesho changu kikubwa, kile ambacho mwenye kiwanda alijipigia mapaja mpaka akaangusha miwani. Kimya. Nikawaambia kingine.

"Huyu ndiye mdogo wako anayechekesha watu?" sauti moja ikauliza ndani.

"Ndiye," dada akajibu.

"Pole."

Ndipo Gunia akapanda ngazi, polepole, anashika ukuta. Alichomoa kishada cha funguo mfukoni, akasimama mbele ya mnyororo. "Ngojeni kidogo," akasema.

Wao hawakumwona. Walisikia funguo tu. Ufunguo wa kwanza ukakwaruza chuma. Wa pili. Ndani mtu akaguna. Kisha dada, kwa sauti yake mbovu, akasema, "Babu, jaribu wa nyumbani kwako."

Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikahamia kwa mwingine, kikapanda. Mtu alikuwa anajipiga paja. Mwingine akasema, "Mtazameni anavyoutazama," akashindwa kumaliza. Kilikuwa kicheko cha wasichana. Gunia aliendelea kuzichezesha funguo, machozi yanamtiririka, miguu yake imesimama wima kama nguzo. Kisha, bila mtu kuwaambia, wote ndani wakanyamaza kwa pamoja.

Kimya kile kilikaa. Nikasikia mkono wangu unagonga kwenye fremu ya mlango, ukamaliza mkono mzima, ukaanza upya.

"Mdogo wangu," dada akasema ndani. "Fungua sasa."

Gunia akatia ufunguo, haukuingia. Nikamnyang'anya kishada, nikatia mwingine, haukuingia. "Ngojeni kidogo," nikasema, na sauti iliyonitoka sikuijua ni ya nani. Nikatia mwingine. Mhariri akaja koridoni, akatusukuma wote wawili kando, akashika mnyororo kwa vidole viwili, akauvuta. Ukaanguka sakafuni. Haukuwa umefungwa. Tulikuwa tumeuzungusha tu, kufuli likining'inia upande mmoja.

Wanawake wakatoka wamebeba mikoba yao. Mmoja akamtazama Gunia, akamtazama na mimi, akasema, "Mmechukua muda."

Dada alibaki. Akavuta kiti, akakaa kati yangu na mhariri, tukasikiliza pamoja. Kicheko kikapita kwenye spika, kikapanda, kikakatika. Mhariri akaegemea mbele. "Hapa niache kimya kiasi gani kabla ya moshi kuingia?"

Nikainua mkono juu ya meza. Gumba lilikuwa limeshashuka, shahada inafuata, dada aliponishika vidole vyote kwa pamoja akavibana chini ya kiganja chake.

"Ngoja," akasema.

Tukangoja. Ulipita urefu ambao mimi nisingethubutu kumwachia mtazamaji yeyote, na mhariri akanitupia jicho, nami nikatazama mkono wangu uliofungwa pale mezani.

"Bado," dada akasema.

Kisha akalegeza kiganja. "Sasa."